Usipite Kijiti

Koti lilikuwa la njano, la mtoto, na zipu yake ilikuwa imefungwa mpaka kidevuni.

Naibu Sherifu Nadine Ketchum alilishika kwa vidole viwili, akalitazama mbele, akaligeuza nyuma. Hakukuwa na mahali palipochanika. Cotter, mzee anayeongoza boti za uokoaji, alikuwa amelikuta limenasa kwenye mizizi ya mkuyu, chini kidogo ya kambi.

"Mto umemvua," Cotter alisema. "Nimeshaona mto ukimvua mtu buti zilizofungwa kamba."

"Ukamvua, halafu ukafunga zipu?"

Cotter alikuna ndevu zake, zinachuruzika. "Mimi kazi yangu maji, Nadine. Zipu ni kazi yako."

"Mto una hali gani?"

"Una hasira. Magogo yanapita kama treni."

"Basi toa vijana wako."

"Ukiniambia mtoto hayumo, nawatoa. Kama yumo, hatutoki." Akavuta kofia yake na kurudi kwenye boti.

Ketchum akabaki na koti mkononi. Mvua ilikuwa inapiga kokoto mpaka zinaruka.

Walikuwa wamekuja watu wanne kupiga kambi kwenye ufuko huo wa kokoto wa Mto Hurley. Oleta Brashear, bibi wa mtoto. Denton, mtoto wa kiume wa Oleta. Linnie, mjukuu, miaka minane. Na safari hii mgeni, Royce Tackett, baba yake Linnie, mtu wa Texas magharibi kwenye nchi kame. Mama yake Linnie, binti wa Oleta, alikuwa amefariki wakati wa baridi. Hakimu alikwisha kuamua: Jumatatu Royce anaondoka na mtoto wake. Hii ilikuwa safari ya kuagana. Sasa mtoto hayupo, na bonde lote lilikuwa linatazama maji.

Oleta alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya turubai. Sweta lake lilikuwa limelowa, limemganda mwilini. Mtu alikuwa amemtupia blanketi mabegani na yeye hakujisumbua kulivuta.

"Niambie tena, bibi," Ketchum alisema.

"Nimeshasema kwa wenzako."

"Sasa niambie mimi."

Oleta alitazama moto, ambao ulikuwa majivu na makaa machache yanayotoa moshi pembeni ya turubai. "Tumeamka na mvua. Nikaweka vifurushi vya nyama na viazi kwenye makaa. Nikamwambia Linnie, nenda kaangalie kijiti. Ni kazi yake hiyo, tangu mdogo. Akaenda. Akaniita kutoka kule, 'Bibi, maji yamefika kwenye kijiti!' Nikamwambia basi rudi. Hakurudi."

"Ulimsikia mwenyewe?"

"Kama ninavyokusikia wewe. Ndiyo maneno yake ya mwisho. Yaandike."

Ketchum hakuandika. Hakuuliza pia kijiti ni nini. Bonde lile mtoto hufundishwa kijiti kabla ya kufundishwa kuogelea. Ukifika mtoni unamenya kijiti gamba, kiwe cheupe kionekane, unakichomeka pale maji yanapoishia. Ukirudi ukakikuta kimesimama majini, unahamisha kambi. Mvua ikinyesha hakuna anayekipita kwenda mbele, hata mlevi.

"Afande!" Denton alikuwa anapiga kelele kutoka upande wa chini. "Afande, njoo uone kazi ya huyu mshenzi!"

Hema la Royce lilikuwa peke yake, karibu na maji kuliko mengine, mahali ambapo mtu wa pale asingelala. Denton, mtu mnene mwenye mikono ya kupasua kuni, alikuwa amepiga goti kwenye kona moja. Kamba ya hema ilikuwa imefungwa kwenye kijiti cheupe, chenye alama tatu zilizokatwa kwa kisu upande wa juu.

"Hizo alama tatu ni zetu," Denton alisema. "Alikuwa anazikata marehemu baba, na sisi tunakata hivyohivyo. Hiki ni kijiti cha maji, afande. Huyu amekifanya kigingi cha hema! Mtoto kaja kutafuta kijiti, hakioni, kaenda mbele, kaenda mbele, mpaka..." Akasimama, akamkamata Royce kifuani. "Umemuua! Umemuua kwa ujinga wako!"

Royce hakujitetea. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana buti za wachunga ng'ombe zilizojaa maji. "Nilikiona kimesimama peke yake kwenye kokoto," alisema. "Kigingi changu kilikuwa kimechukuliwa na upepo. Nikaona mti umenyooka, nikauchukua. Mimi nitajuaje? Kwetu mtu hachungi mto. Kwetu mto wenyewe unautafuta hauuoni."

"Kwenu hata ng'ombe wanakunywa bombani!"

"Denton, mwachie," Ketchum alisema. "Mwachie, nimesema. Royce, huo upepo ulikuwa lini?"

"Jana. Jua linazama."

"Siyo leo asubuhi?"

"Jana, afande."

"Nani alikuona?"

"Aliyemwona ni mimi," Denton alidakia, bado anahema. "Nilimcheka mpaka nikashika mbavu. Hema limemwangukia, anahangaika ndani kama kuku chini ya tenga. Mtu mzima hajui fundo! Nikaja nikamfungia kamba mwenyewe."

"Ukaifunga kwenye nini?"

Denton aliinama. Aliitazama kamba. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza, limezunguka mara mbili na kurudi chini, fundo la watu wa boti.

"Hilo ni lako?" Ketchum aliuliza.

"Ni langu." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Giza lilikuwa linaingia. Sikutazama, Mungu wangu. Nilikuwa nacheka."

Ketchum alichutama. Akajaribu fundo kwa kucha, halikulegea. Akainua pindo la hema. Kokoto zilizozunguka kijiti, pale pindo lilipofunika, zilikuwa kavu. Mvua ilikuta kijiti kiko hapo.

Basi tangu jana jioni, kule majini hakukuwa na kijiti. Na asubuhi mtoto alisema maji yamefika kwenye kijiti. Kipi?

Ketchum aliwaashiria wote wawili wamfuate, akarudi taratibu kwenye moto, na njiani akachungulia ndani ya gari la Brashear, mbele na nyuma. Oleta alikuwa palepale. Ketchum akaokota koleo la kuchomea nyama na kuanza kufukua majivu. Kifurushi cha kwanza cha karatasi ya foili kikatoka, kimeungua. Cha pili. Cha tatu. Akapekua mpaka akagonga mawe ya chini.

"Mmekula leo?" alimwuliza Denton.

"Nani ale? Mama alipopiga ukunga tulikimbilia majini. Chakula kimeungulia hapohapo."

"Hivi ni vya nani?"

"Hiki cha mraba changu. Hiki kilichoviringishwa cha mama. Hili dude la mviringo la huyu." Alimnyooshea Royce kidevu. "Kila mtu na mkunjo wake, usije ukala vitunguu vya mwenzako. Linnie anavichukia vitunguu kama sumu. Cha kwake kinasokotwa ncha mbili, kama peremende."

"Kiko wapi?"

Denton alitazama majivu. Akahesabu kwa macho. Akamtazama mama yake, na uso wake ukabadilika polepole.

"Mama?"

Ketchum alimwinulia kiganja anyamaze. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Oleta, magoti yanakaribia kugusana.

"Bibi, koti lako la mvua liko wapi?"

"Liko garini."

"Garini nimetazama. Mvua yote hii, wewe mtu wa mto huu, umekaa na sweta."

"Mjukuu wangu amekufa maji na wewe unaniuliza makoti?"

"Nakuuliza makoti, ndiyo. La kwake limekutwa majini na zipu imefungwa. La kwako halipo. Chakula chake kimetolewa kwenye makaa kabla hujapiga ukunga, na maiti hali viazi. Halafu kijiti. Unasema alikuita akasema maji yamefika kwenye kijiti. Kijiti kimeshika hema la Royce tangu jana."

Oleta alilivuta blanketi mabegani kwa mara ya kwanza.

Redio ikakoroma kifuani kwa Ketchum. "Nadine." Ilikuwa sauti ya Cotter. "Boti ya pili imepinduka. Vijana wote tumewapata. Mmoja mfupa wa bega umekatika. Namtoa huyu kisha narudi majini."

Ketchum aliishika redio pale Oleta aweze kusikia vizuri. Mtoto akiwa yumo mtoni, neno moja la kusitisha lingemwua. Akiwa hayumo, kukaa kimya kungemwua Cotter. Alimtazama mwanamke yule machoni. Oleta akashusha macho.

"Cotter, toka," Ketchum alisema. "Hayumo."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Toka na wote."

Royce alikaa chini kwenye kokoto, pu, kama mtu aliyekatwa miguu. "Yuko hai?" alisema. "Afande, yuko hai?"

"Sasa mimi sina boti," Ketchum alimwambia Oleta, "na kama nimekosea damu yake iko kwangu. Yuko wapi?"

"Yuko pakavu." Machozi yalikuwa yanamtoka Oleta lakini taya lake lilikuwa gumu. "Ana koti langu, ana chakula. Nimemlea mimi. Hakimu hakuniuliza hata swali moja, alikuwa anaongea na mawakili tu. Jumatatu anakwenda kwa mtu ambaye hajui hata kijiti ni nini! Mwanangu nimemzika. Huyu simtoi. Nifunge."

"Nani anakuja kumchukua?"

Oleta aligeuzia uso kwenye majivu.

"Anakuja na gari. Atapita wapi, bibi? Barabara ya juu imelaliwa na mti baada ya sisi kupita. Ya shuleni ina maji. Kile kivuko cha zege cha kijito cha Dutchman kimezama, nimekiona kwa macho yangu nikija."

"Kimezama?"

"Kimezama."

"Kile hakizami." Oleta alisema haraka mno. "Mvua ya kiasi hiki haikizamishi kile. Tumekivuka miaka yote."

"Huko juu mvua imenyesha kuliko hapa. Maji yake bado hayajafika huku kwetu. Zege halionekani. Zimebaki nguzo."

Oleta alisimama na blanketi likaanguka kwenye majivu. Alimshika Ketchum mkono, kwa nguvu ambazo hazikufanana na umri wake.

"Yuko kwenye kibanda cha kanisa, nyuma ya kilima. Nimemwambia akimaliza kula ashuke kivukoni. Akisikia honi, avuke. Dada yangu Fern anapiga honi, yeye anavuka. Mimi ndiye niliyemwambia avuke! Na yule mtoto ni msikivu, afande, ukimwambia kitu..."

"Anakula kwa haraka?"

"Polepole. Anaanza na karoti. Viazi mwisho."

Ketchum alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. "Denton, kaa na mama yako!"

Njia ya kilimani ilikuwa tope tupu. Nyuma yake alisikia buti za Royce zinateleza, zinaanguka, zinasimama tena.

"Baki kambini!" alimpigia kelele.

"Nifunge pingu, basi!"

Hakuwa na muda wa kumfunga. Kwenye kibanda cha kanisa walikuta benchi, na juu yake vipande vya karoti vilivyobaki, viwili, vina alama za meno madogo. Linnie hakuwapo. Nyayo ndogo zilikuwa zinashuka kuelekea bondeni, na kando yake mburuzo wa pindo la koti refu.

Hapo wakasikia honi.

Ilipiga mara moja, ndefu. Ikanyamaza. Ikapiga tena. Ketchum alishuka akishika miti, mingine ikimwachia gamba mkononi. Honi ikapiga. Miti ilipoisha akaona kijito cha Dutchman, ambacho siku nyingine kuku angekivuka bila kulowa. Kilikuwa cha rangi ya chai ya maziwa, kipana, kinakwenda mbio bila povu, na katikati yake nguzo mbili nyeupe za kivuko zilikuwa zinatetemeka. Ng'ambo kulikuwa na gari la bluu, taa zimewaka, na mwanamke ndani yake ameegemea usukani. Baadaye Fern aliapa kwamba honi ile ilikuwa ya kumwambia mtoto rudi. Lakini mtoto alikuwa ameambiwa honi maana yake ni moja.

Linnie alikuwa amesimama ukingoni, mgongo kwao, ndani ya koti la kijani lililomzidi mpaka linaburuzika. Mkono mmoja alikuwa ameshika foili. Honi ikapiga, akanyanyua mguu.

Ketchum hakuita. Mtoto akishtuka kwenye tope lile, basi. Alitembea, haraka, bila sauti, akimnyooshea Royce mkono nyuma asimpite.

Linnie aliushusha mguu. Aliinama. Mbele ya vidole vyake kulikuwa na kijiti cheupe, na maji yalikuwa yanakilamba. Mbele yake tena, majini, kulikuwa na kingine kimeinama kinatikisika, na mbele zaidi ncha ya cha tatu, ambayo ilizama wakati Ketchum anaitazama. Mtoto aling'oa kile cha mbele yake, akarudi nyuma hatua kubwa mbili, akakichomeka upya na kukigonga kwa jiwe. Kisha akaketi juu ya mwamba nyuma yake na kuchukua kiazi.

Royce ndiye aliyeshindwa kujizuia. Alimpita Ketchum kwa kasi, akakosa njia, akateleza ukingoni, akatokea chini ya mtoto, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Linnie!"

"Usipite kijiti!" Ilikuwa sauti kali, ya mwalimu. "Umekipita! Rudi!"

Royce alisimama. Gogo kubwa kama ng'ombe lilipita mahali ambapo angekuwa baada ya hatua mbili, likagonga nguzo moja ya kivuko, na nguzo ikaondoka nalo. Alirudi kinyumenyume, macho yake chini, mpaka kijiti kikawa mbele yake. Akakaa kwenye tope.

"Hapa?"

"Hapo sawa."

"Na maji yakifika tena?"

"Tunakihamisha."

"Nani anakihamisha?"

"Mimi. Wewe hujui." Linnie alifikiri kidogo. Akamnyooshea foili. "Hamna vitunguu."

Royce alichukua kipande cha kiazi, akakishika tu. Ketchum alimpungia Fern mikono yote miwili, ageuze gari, arudi alikotoka, mpaka honi ikakoma. Ndipo alipochutama mbele ya mtoto.

"Bibi amekasirika?" Linnie alimwuliza, na sasa kidevu kilianza kumtetema. "Aliniambia nikisikia honi nivuke. Nilitaka kuvuka. Lakini maji yamefika kwenye kijiti."

Ketchum alibonyeza redio. "Cotter, ninaye."

Redio ilikoroma muda mrefu. "Mzima?"

"Anakula viazi."

Mvua ilikuwa imepungua Ketchum aliporudi kambini peke yake. Mto Hurley ulikuwa umeanza kupokea maji ya Dutchman. Hema la Royce lilikuwa limechukuliwa na mto, pamoja na kijiti chenye alama tatu za Brashear. Denton alikuwa amehamisha vitu juu na kumweka mama yake kwenye kiti kilekile, akamfunga blanketi mpaka shingoni kama mtoto. Oleta alimtazama Ketchum akija, akatazama nyuma yake njia tupu, na rangi ikamtoka.

"Yuko na baba yake," Ketchum alisema haraka. "Wamezungukia kilimani kwenda kwenye gari la wagonjwa. Hana hata mchubuko."

Oleta alilegeza blanketi shingoni.

"Fern alichelewa?"

"Hakuchelewa. Alipiga honi, sana."

"Sasa kwa nini..."

Ketchum alitoa kijiti ndani ya koti lake, akampa. Kilikuwa kifupi, hakina unene wa kidole gumba. Gamba lilikuwa limemenywa kwa kucha, na upande wa juu kulikuwa na alama tatu. Mtoto hakuwa na kisu. Alikuwa amezikata kwa meno.

"Maji yalifika kwenye kijiti," Ketchum alisema.

Oleta alizipapasa alama zile kwa kidole, moja, ya pili, ya tatu. Kwa mbali, juu barabarani, mlango wa gari ulifungwa, na sauti ya mtoto ikasikika inamkosoa mtu kuhusu mkanda.

"Kijana wa boti," Oleta alisema mwishowe. "Aliyevunjika bega. Anaitwa nani?"

"Utalisikia jina lake mahakamani, bibi. Simama."

Oleta alimpa Denton kijiti, akafungua blanketi mwenyewe, akasimama, na kunyoosha mikono yote miwili.